Matabishi ya Inchi Ishirini na Tano

Mwalimu wa karakana ya vijana hapa Nguba aliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya vipimo. Alisema ninyi wanafunzi wake mnajua kuranda na mnajua kupiga msasa, lakini mteja akija na kipimo cha futi na inchi mnakimbilia simu, na simu ikiisha moto wa betri mnakaa mkiangaliana. Nikamjibu kwamba nitaandika, kwa kuwa muda ninao. Muda ndicho kitu nilichobaki nacho kwa wingi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Basi someni. Nitawafundisha kugeuza inchi kuwa sentimita bila simu wala karatasi. Nitawaambia pia jinsi hesabu hiyo ilivyoniletea sauti ya mwanangu karibu kila siku kwa muda wa miaka miwili, na jinsi nilivyoing'ang'ania sauti hiyo hadi nikamharibia kazi. Wazee wakiwaandikia vijana hupenda kueleza walivyokuwa hodari. Mimi nilikuwa hodari, sikatai, waulizeni wenye milango yangu. Ila sijawahi kuona mtu aliyejifunza kitu kutokana na uhodari wa mwenzake.

Tuanze na inchi yenyewe. Sisi wa Bukavu tunaiita pouce, futi tunaiita pied, na utepe wa kupimia tunauita mètre, kwa sababu kazi tulifundishwa kwa Kifaransa. Nyumba zetu tunazipima kwa mita, lakini angalieni vizuri mtaona inchi imejificha kila mahali. Msumari unauzwa kwa pouce. Bomba la maji linauzwa kwa pouce, na hilo nalo ni la uongo, maana bomba la nusu pouce ukilipima kwa nje utakuta milimita ishirini na moja. Triplex, ule ubao mwembamba wa matabaka, ina sentimita 122 kwa 244 kwa sababu aliyeianzisha aliihesabu futi nne kwa nane. Kwetu mita ndiye mwenye nyumba, inchi ni mpangaji aliyekataa kuhama.

Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoumiza. Kwenye msumari hakionekani, kwenye dari la kanisa unaweza kupitisha kiganja. Wengi wenu mmezoea kusema futi ni sentimita thelathini. Ni thelathini na karibu nusu. Hesabu futi kumi kwa mtindo wenu huo, utakosa karibu sentimita tano, na mteja ataingiza mkono katika ufa ule mbele ya mke wake huku anakutazama wewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Lwaboshi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni. Alisema maneno machache kwa siku na hakupenda kuyarudia. Nilikuwa nimemaliza shule, nikijua desimali zangu vizuri, na nilidhani yeye anapoteza muda kwa kubeba kipande cha mbao kila anapokwenda kupima. Alipofika kwa mteja hakuandika namba hata moja. Alisimamisha kile kijiti kwenye dirisha, akakwaruza alama kwa msumari, akarudi nacho karakana. Namba zinaweza kusomwa vibaya, kijiti hakisomwi, kinawekwa tu juu ya ubao. Nilimcheka kimoyomoyo mpaka ilipofika kazi ya milango ya Nyantende.

Ilikuwa milango kumi na minne ya shule. Waliotoa msaada walikuwa watu wa mbali na ramani yao ilikuwa ya futi na inchi. Urefu wa mlango ulikuwa futi sita na inchi nane. Mtu aliyeinakili ramani kwa taipu aliandika 6.8, na nukta yake katikati. Fremu zilikuwa tayari ukutani, zilitengenezwa na mafundi wengine waliokuwa na ramani yenyewe. Muzee alikuwa na homa wiki hiyo, akaniachia kazi. Mimi nikaona nukta nikasema hii ni desimali. Nikazidisha sita nukta nane kwa thelathini nukta nne nane, nikapata sentimita mia mbili na saba. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ila futi haigawanyiki kwa kumi, inagawanyika kwa kumi na mbili, na futi sita na inchi nane ni sentimita mia mbili na tatu.

Muzee Lwaboshi alipopona alikuja mwenyewe kuninginiza milango. Wa kwanza ukagoma. Akajaribu wa pili, nao ukagoma. Akavua miwani.

"Ulipima na nini, mutoto?"

"Nilifanya calcul, Muzee."

"Lete ile calcul nione."

Nikampa karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Calcul iko muzuri. Mulango njo iko mubaya."

Hakunitukana. Aliniamuru nikate sentimita nne chini ya kila mlango, niokote vipande vyote kumi na vinne, nivirande viwe rula za ubaoni, kisha nichore sentimita zote kwa mkono wangu. Ilikuwa mbao ya libuyu, ngumu, na nilichora mistari hiyo wiki nzima. Walimu wa shule walifurahi sana, wakatuandikia barua ya kusifu ukarimu wa karakana yetu. Muzee akaibandika barua hiyo juu ya benchi langu, mahali ambapo sikuweza kuinua kichwa bila kuisoma.

Siku nilipomaliza rula ya mwisho aliniambia neno ambalo ndilo kiini cha kurasa hizi: "Kazi ikikuya na pouce, tafuta mètre ya pouce. Pima na pouce, kata na pouce, mupaka mwisho. Usigeuze. Mutu mwenye kugeuza iko natumikia mabwana wawili." Watu wa pwani wana methali yao, kwamba ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ni hekima ile ile. Shikeni sana neno hilo la Muzee, kwa sababu ndilo nililomficha mwanangu.

Sasa mtaniuliza, kama hatupaswi kugeuza, unatufundisha kugeuza kwa nini? Kwa sababu kuna siku kipimo cha inchi hakipatikani Bukavu nzima na mteja amesimama mlangoni. Siku hiyo tumieni njia niliyoipata kwa mke wangu.

Mke wangu, Mama Mugisho, hakuwa seremala. Aliuza vitenge, akivipeleka kwa boti hadi soko la Minova. Kitenge kinapimwa kwa yadi, na yadi ni sentimita tisini na moja na kidogo. Yeye hakuwa na haja ya chuma cha kupimia. Alishika pindo la kitenge puani, akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono wa pili, na kitambaa kilipofika kwenye ncha za vidole hiyo ndiyo yadi. Tatizo ni kwamba Mama Mugisho alikuwa mfupi, na wanawake wa Minova wana macho.

"Maman, mukono yako iko mufupi," mmoja alimwambia mbele ya soko zima.

"Njo maana niko naongeza matabishi," akajibu, na akaongeza upana wa kiganja juu ya kila yadi.

Kwa msomaji asiye wa huku, matabishi ni kile muuzaji anachokuongezea bila wewe kukilipia, ndizi moja juu ya fungu, konzi ya maharage juu ya kipimo. Aliporudi nyumbani na kunihadithia nilichukua kipimo changu nikapima yadi yake, mkono pamoja na kiganja. Nikakuta tisini na moja na nusu. Nikacheka, halafu nikatafuta penseli. Kumbe na inchi ni hivyo hivyo. Unachukua mbili na nusu, ambayo ni mkono mfupi, kisha unatoa matabishi. Nikatafuta matabishi ya inchi ni kiasi gani, nikapata kitu kilichonifurahisha kuliko kiti chochote nilichowahi kutengeneza: kila inchi ishirini na tano, ongeza sentimita moja. Hakibaki hata chembe.

Jaribuni. Inchi mia moja mara mbili na nusu ni mia mbili na hamsini. Katika mia mna ishirini na tano ngapi? Nne. Ongeza nne, unapata sentimita mia mbili hamsini na nne. Waulizeni simu zenu kama nasema uongo. Inchi hamsini ni mia moja ishirini na tano, ongeza mbili. Inchi kumi ni ishirini na tano, na matabishi yake ni milimita nne. Mama Mugisho aliponiona nafurahia namna ile alisema Muzee Lwaboshi alikaa nami miaka sita, na yeye amenimalizia mafunzo kwa mkono mfupi tu. Alifariki miaka minane iliyopita. Ninamkosa sana, hasa mchana, saa alizokuwa anapita karakana kunichokoza. Vitenge vyake viwili vimo ndani ya sanduku nililolitengeneza mwenyewe, na sijalifungua tena.

Kabla sijafika kwa mwanangu niwape mambo mawili ya haraka, nisije nikasahau. Kipimo cha utepe kilichozeeka huwa kinalegea pale mwanzoni, kwenye ndoana. Usianzie kwenye sifuri. Anzia kwenye kumi, kisha toa kumi mwishoni, na andika kwa penseli kwenye mkono wako kwamba umeanzia kumi, la sivyo utasahau kutoa. Nimewahi kumpa padri mimbari iliyozidi sentimita kumi kwa sababu hiyo. Alisema haidhuru, inamkaribisha mbinguni, lakini waumini walimwona paji la uso tu.

La pili ni televisheni. Jirani mmoja alikuja akaniambia nimtengenezee kabati lenye nafasi ya televisheni ya pouce thelathini na mbili, hajainunua bado. Nikapiga hesabu ya matabishi, nikapata sentimita themanini na moja, nikakata nafasi ya themanini na mbili ipumue kidogo. Televisheni ilipofika ilibaki nafasi ya zaidi ya kiganja pembeni. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba televisheni inapimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Nilipotaka kurekebisha jirani alikataa, alikuwa ameshaweka picha ya mama mkwe wake pale. Kwa hiyo mteja akikupa inchi, muulize zimepimwa kutoka wapi hadi wapi. Kuuliza si ujinga.

Mugisho ni mtoto wetu wa pekee. Alikulia chini ya benchi langu, akicheza na maranda, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa anachonga kiungo cha mbao kiitwacho mkia wa njiwa bila kuangalia alama za penseli. Mambo ya huku kwetu mnayajua, sina haja ya kuyaeleza. Aliondoka na mke wake, wakapitia Uganda, wakakaa kambini miaka kadhaa, kisha wakapelekwa Amerika. Huko akapata kazi katika karakana inayotengeneza makabati na meza za jikoni. Siku ya kwanza ya kazi alinipigia simu saa nane mchana, kwake kulikuwa asubuhi.

"Papa, huku mètre haiko na centimètre."

"Iko na nini sasa?"

"Pouce tupu. Na kila pouce bameikata mara seize. Macho inaniuma."

Sehemu kumi na sita katika kila pouce. Nikamuuliza ana kipimo gani mkononi. Akasema kile changu, cha mita, nilichompa alipoondoka. Alitaka kujua pouce ishirini na nane ni sentimita ngapi. Nikamjibu kabla hajamaliza kuvuta pumzi, na yeye akacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nilikaa na furaha hiyo hadi jioni.

Kesho yake akapiga tena. Na kesho kutwa. Mkubwa wake alimpa vipimo kwa pouce, yeye alinisomea, mimi niligeuza, naye alipima na kukata kwa kipimo changu cha mita. Najua mnachofikiri: simu yake haikuwa na hesabu? Ilikuwa nayo. Aliniambia mwenyewe kwamba zile sehemu za tano juu ya nane na kumi na moja juu ya kumi na sita zilimsumbua kuziandika, na kwamba mimi nilikuwa mwepesi kuliko simu. Pia nadhani alikuwa mpweke kule, kati ya watu ambao hakuelewa mizaha yao. Hilo hakulisema, nami sikumuuliza. Ikifika saa saba mchana nilikuwa tayari nimeshakula, nimekaa kwenye benchi la karakana yangu iliyofungwa, simu imewekwa juu ya randa. Baada ya kipimo nilimuuliza amekula nini. Nilimuuliza juu ya baridi. Nilimuuliza kama mukamwana wangu amepata kazi. Dakika nne, tano, halafu mashine za kwao zinaanza kelele na anaaga. Hizo zilikuwa ndizo dakika za siku yangu. Saa nyingine nilizipitisha tu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mimi ni fundi. Tangu simu ile ya kwanza nilijua dawa ya shida yake. Ilikuwa ni kumwambia: kijana, weka kipimo changu sandukuni, nunua cha pouce, usigeuze tena. Kwa mwezi mmoja atachechemea, mwezi wa pili atakimbia. Mwanafunzi yeyote wa Muzee Lwaboshi angeyasema hayo bila kufikiri. Lakini niliona wazi pia yatakayofuata. Mtu anayefikiri kwa pouce hana sababu ya kumpigia mzee wa Nguba kila siku saa nane. Nikanyamaza. Nilijiambia bado ni mapema, ngoja azoee mji. Nikajiambia ngoja baridi ipite. Baridi ikapita mara mbili.

Siku ya kosa alinipigia akiwa na haraka. Alikuwa amepewa kwa mara ya kwanza kazi ya meza ndefu ya jikoni, ubao mmoja mpana wa mti ambao karakana haikuwa na wa pili.

"Papa, leo iko rahisi. Pouce cent. Cent tout court."

"Deux cent cinquante," nikamwambia. "Na jana hukupiga, ulikuwa wapi?"

Mmeona? Mia moja. Kipimo chepesi kuliko vyote, kile kile nilichowapa ninyi kama mfano hapo juu, na sikuweka matabishi. Nilikuwa na swali langu mdomoni tangu jana na nilitaka kulifikia. Naye Mugisho anayajua matabishi tangu akiwa mtoto, alinisikia nikiyafundisha wengine, ila siku ile hakuhesabu. Hakuona sababu ya kuhesabu nyuma ya baba yake. Aliniambia alikuwa amelala mapema, tukaongea habari za mvua, akaaga, akaenda akakata ubao ule kwenye mia mbili na hamsini. Ulipungua sentimita nne. Mti ukishakatwa hauongezeki, hilo kila mmoja wenu analijua.

Hakupiga kwa siku tisa. Nilidhani ni ugonjwa, nikadhani ni ajali. Nilikaa na simu kanisani, nikatoka nayo. Siku ya kumi akapiga, sauti imetulia mno.

"Papa, ile meza ilikosa centimètre ine."

Nikahesabu upya kichwani, nikajikuta nimesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisahau matabishi."

"Najua. Nilibaambia ni mimi. Balinitoa ku benchi. Niko nafagia, niko nabeba mbao. Patron anasema ataona kama ananirudisha."

Alikuwa na mke wa kulisha na jina la kujenga mahali ambapo hakuna aliyemjua, na alilibeba kosa langu kwa sababu hakutaka watu wale wamcheke mzee wasiyemfahamu. Hapo nikalitoa neno lile. Nilimwambia anunue kipimo cha pouce siku hiyo hiyo, apime kila kitu anachokiona, mlango, sahani, kiatu chake, asilale hata usiku mmoja na sentimita kichwani. Nilimwambia asigeuze tena maishani mwake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Papa, hiyo maneno ulijua tangu lini?"

"Tangu milango ya Nyantende."

"Na mbele niende huku ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Sasa ju ya nini hukuniambia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia: "Juu ungeacha kupiga." Nikasikia mtu anafagia upande wake, au labda ni ufagio wake mwenyewe ukiburuzwa. Kisha akasema, "Sawa, Papa," akakata.

Alifuata neno la Muzee kama anavyofuata kila kitu, hadi mwisho. Baada ya miezi miwili mitatu walimrudisha kwenye benchi. Leo ndiye anayekatia karakana nzima, na nasikia vijana wa huko wanamletea vipimo awaangalizie. Na simu zikawa kama nilivyojua zitakuwa. Mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha Noeli na Pasaka. Sidhani ni hasira. Hasira ingepita. Ni kwamba hana cha kuniuliza, na sisi wawili hatukuwahi kujifunza kuongea bila kipimo katikati. Hilo nalo ni kosa langu, maana hata alipokuwa mtoto, nilipotaka kumwambia nampenda nilimwambia ubao wake umenyooka.

Kwa hiyo, vijana, mtakapokuwa mabwana wa karakana na mkapata mwanafunzi anayewategemea, mwambieni dawa siku ile ile mnapoiona. Mtabaki na kimya chenu, ndiyo. Mimi ninacho. Kinaanza saa saba mchana, na bado nakula mapema kwa mazoea.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Jumapili iliyopita, nimetoka misa ya pili na bado sijavua koti, simu ikalia. Si Noeli wala Pasaka. Kwa haraka nikakosa kitufe mara moja.

"Papa, mutoto amezaliwa. Ni musichana. Mama yake iko muzima."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikauliza kilo, akanitajia kwa vipimo vya kwao ambavyo sivijui. Nikauliza urefu, kwa kuwa mimi ndivyo ninavyomfahamu mtu.

"Vingt pouces et quart," akasema, pouce ishirini na robo, mara moja, bila kufikiri, kama mtu aliyezaliwa huko.

Nilikuwa na jibu kabla hajafunga mdomo.

"Hiyo inakuwa centimètre ngapi?" nikamuuliza.

"Papa, weye njo unajua."

"Nimezeeka. Hesabu weye."

"Sijahesabu centimètre siku mingi." Nikadhani atasema atanipigia baadaye. Badala yake nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Ngoja. Ngoja kidogo."

Akaanza kuhesabu kwa sauti, polepole, akichanganya Kifaransa na Kiswahili kama nilivyokuwa nachanganya mimi kwenye benchi. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, kilio chembamba, na mwanamke alikuwa anambembeleza kwa Mashi, lugha ya kwetu. Vingt, mara mbili na nusu, cinquante. Quart, weka millimètre sita. Alisimama hapo, nami nikashika ukingo wa meza. Kisha akaendelea, matabishi ya vingt, haifike centimètre, inakuwa millimètre munane.

"Cinquante et un virgule quatre," akasema. "Njo vile, Papa?"

Hamsini na moja nukta nne, ndivyo ilivyokuwa, hadi milimita ya mwisho. Mtoto bado alikuwa analia.

"Rudilia," nikamwambia. "Hesabu tena."